Kujenga banda la farasi Karen: mwongozo kamili, kutoka udongo hadi majirani

Ramani nyingi za mabanda ya farasi zilichorwa kwa ajili ya nchi za theluji: kuta nzito, madirisha madogo, nyasi kavu zimerundikwa darini juu ya vichwa vya farasi. Ukiijenga ramani hiyo ilivyo huku Nairobi, Karen au Lang'ata, utapata chumba chenye joto na harufu kali ya mkojo, na farasi wako ataanza kukohoa. Tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai farasi mwenye afya huivumilia vizuri. Maadui zetu ni wawili: usubi wa machweo na tope la masika. Kila uamuzi utakaofanya, tangu upande wa kuelekeza paa hadi mahali pa kumwaga samadi, upime kwa hao wawili kwanza.

Naanza na usubi, wale wadudu wadogo wanaouma, kwa sababu ndio unaoua. Hubeba virusi vya ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambavyo viko vya aina 9. Pundamilia huvibeba bila kuugua sana, na sisi tumepakana na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, kilomita za mraba 117 zenye pundamilia tele. Farasi asiye na kinga akipata aina kali ya ugonjwa huo, vifo vinaweza kufikia tisa kati ya kumi. Dawa ya kuutibu haipo. Kuna chanjo, ambayo hutengenezwa hapa nchini na taasisi ya KEVEVAPI, na kuna banda zuri. Unahitaji vyote viwili.

Hatua ya kwanza: shamba na vibali

Kwa hesabu ya malisho, ekari moja kwa kila farasi ni kipimo cha kuanzia, na hata hiyo italiwa ikaisha kiangazi kikikaza. Viwanja vingi vya Karen ni vidogo kuliko hapo. Hilo lisikukatishe tamaa, ila ujue mapema kwamba uwanja wako utakuwa wa farasi kunyoosha miguu, na chakula kitanunuliwa. Wanaotaka malisho ya kweli husogea Ngong, Kiserian au Limuru, lakini huko unaingia kaunti za Kajiado na Kiambu, na taratibu za ujenzi ni za kaunti hizo.

Ndani ya Nairobi, ramani ichorwe na msanifu aliyesajiliwa, ipitishwe na kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, kisha mradi usajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, yaani NCA. Uliza NEMA, mamlaka ya mazingira, kama ujenzi wa ukubwa wako unahitaji ripoti ya mazingira. Ukitaka kuchimba kisima, kibali ni cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Soma pia masharti ya hati yako na ya chama cha wakazi wa mtaa, maana baadhi ya mitaa ina kanuni kuhusu mifugo.

Kabla ya hayo yote, tembelea majirani. Nenda wewe mwenyewe, usitume mtu. Waeleze banda litakaa wapi, samadi itaondolewa lini, na uwape nambari yako ya simu. Jirani aliyeambiwa mapema huwa wa kwanza kukupigia usiku farasi anapotoka. Jirani aliyeshtukizwa hupigia kaunti.

Hatua ya pili: udongo

Hapa ndipo fedha hupotea bila mwenyewe kujua. Nairobi ina udongo wa aina mbili kuu. Sehemu za juu, kuelekea Dagoretti na Kabete, zina udongo mwekundu unaopitisha maji na kubeba jengo vizuri. Sehemu nyingi za Lang'ata na nyanda za kuelekea Athi zina udongo mweusi unaonata: ukinyeshewa huvimba, ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Sakafu iliyomwagwa juu ya udongo huo huinuka na kushuka kila msimu hadi ivunjike.

Chimba shimo la majaribio katika kila pembe ya mahali pa banda. Ukikuta weusi, uondoe wote chini ya jengo, hadi ufike kwenye moramu au mwamba, hata kama ni zaidi ya mita moja. Jaza moramu kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka imwagiwe maji na kushindiliwa kwa mashine kabla ya kuweka nyingine. Fundi atakwambia tabaka moja nene inatosha. Kataa kwa upole na usimame hapo hapo wakati wa kushindilia.

Chagua mahali palipoinuka hata kama si pazuri kwa macho. Sakafu iwe angalau sentimita 30 juu ya ardhi inayoizunguka, na upande wa juu wa mteremko uchimbe mtaro wa kukatiza maji ya mvua yasifike bandani. Mbele ya milango, pale farasi wanapokanyaga kila siku, mwaga kokoto na moramu upana wa mita tatu au nne. Bila hivyo, kufikia Aprili utakuwa na dimbwi la tope mlangoni, na tope lililochanganyika na samadi ndilo zalio la usubi.

Hatua ya tatu: vipimo na mwelekeo

Chukulia farasi watatu. Kila mmoja apate chumba cha mita 3.6 kwa 3.6, ambacho mafundi wetu wanakijua kama futi 12 kwa 12. Farasi mdogo wa watoto atatosheka na mita 3 kwa 3. Jike anayekaribia kuzaa apewe chumba kirefu zaidi, mita 3.6 kwa 4.8. Panga vyumba vitatu kwenye mstari mmoja, ongeza cha nne kiwe cha matandiko, hatamu na dawa. Urefu wa jengo ni mita 14.4. Mbele yake weka baraza ya mita 2.4 yenye paa. Baraza hiyo ndiyo itakayokuwa moyo wa banda: hapo saisi, yaani mtunza farasi, atawapiga farasi brashi mvua ikinyesha, na fundi wa kwato atafanya kazi kivulini.

Sipendi mpango wa vyumba pande mbili na njia katikati kwa mtu mwenye farasi wachache. Hewa hukwama katikati, na moto ukitokea farasi wote wana njia ile ile moja. Mstari mmoja, kila mlango ukifunguka nje moja kwa moja, ni salama zaidi na bei yake ni nafuu.

Jengo lielekee mashariki na magharibi kwa urefu wake. Jua letu hupita karibu na utosi mwaka mzima, kwa hiyo kuta fupi ndizo zitakazopigwa na jua la asubuhi na la jioni, huku milango ikibaki kivulini. Upepo wa Nairobi hutoka upande wa mashariki kwa sehemu kubwa ya mwaka, basi lundo la samadi liende magharibi, mbali na banda lako, na usisahau kuangalia nani anaishi upande huo.

Hatua ya nne: kuta, paa na hewa

Kuta za mawe ya kuchonga, kama yale ya Ndarugo, hudumu na panya hawazitoboi. Jenga mawe hadi mita 1.2, juu yake endelea na mbao za saiprasi zenye nafasi, au mawe yenye madirisha mapana. Ndani, ile mita 1.2 ya chini ivikwe mbao nene za inchi mbili ili farasi akipiga teke asivunje mguu kwenye jiwe. Kati ya chumba na chumba ukuta usifike darini: juu weka vyuma au fito imara ili farasi waonane. Ni wanyama wa kundi, na aliyefungiwa peke yake bila kuona mwenzake huanza kutafuna mbao na kuyumba mlangoni kutwa.

Milango iwe na upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2.4, ya vipande viwili, ifunguke kwa nje. Weka komeo la juu na la chini, kwa sababu farasi hujifunza kufungua la juu kwa midomo. Pitisha mkono kila mahali kabla ya kulipa fundi: msumari uliochomoza, ncha ya bati, pembe ya chuma. Kinachokukwaruza wewe kitampasua yeye.

Paa liwe juu, mita 3 kwenye ukingo na zaidi katikati. Mabati ya geji 28 yanastahimili kuliko ya 30. Chini yake piga dari ya mbao nyembamba au matete, la sivyo kelele ya mvua kubwa itawatia farasi wazimu na joto la Februari litashuka moja kwa moja migongoni mwao. Kwenye kilele acha mwanya wa sentimita 15 hadi 20 wenye kofia iliyoinuliwa. Hewa yenye joto na mvuke wa mkojo hupanda na kutoka hapo, hewa safi huingia chini. Ukisimama bandani alfajiri kabla hapajafagiliwa na macho yakawasha, mwanya hautoshi.

Sasa wavu. Usubi ni mdogo kuliko mbu, na wavu wa kawaida wa madirisha hupitisha baadhi yao. Nunua wavu wenye matundu madogo kabisa unayoweza kupata, uweke kwenye fremu za mbao zinazofungwa jioni juu ya madirisha na nusu za juu za milango, na uunyunyizie dawa ya jamii ya permethrin kulingana na maelezo ya chupa. Wavu huo hupunguza hewa, kwa hiyo weka feni ukutani. Feni ina faida ya pili: usubi ni mrukaji dhaifu, na upepo unaosogea humshinda. Nyaya za umeme zipite ndani ya mabomba, juu kusikofikiwa na meno ya farasi wala ya panya.

Halafu ratiba, ambayo ni bure. Usubi huuma hasa kuanzia machweo hadi mapambazuko. Ingiza farasi saa kumi na moja jioni, kabla jua halijashuka, na usiwatoe kabla ya saa mbili asubuhi. Wageni wengi hufanya kinyume, wakiwalaza farasi nje kwa kuwa usiku una baridi nzuri.

Hatua ya tano: sakafu

Zege lililokwaruzwa kwa ufagio kabla halijakauka, lenye mteremko wa sentimita 6 kutoka nyuma hadi mlangoni, kisha mikeka mizito ya mpira juu yake. Matandazo ni maranda ya saiprasi, unene wa sentimita 10 hadi 15. Vumbi laini la msumeno liache, huingia mapafuni. Uliza kiwandani kama mbao ziliwekwa dawa. Maranda ya mbao zilizotiwa dawa usiyakubali hata yakiwa ya bure.

Hatua ya sita: maji

Farasi mmoja hunywa lita 25 hadi 50 kwa siku. Chukua 40 kwa kila mmoja: watatu ni lita 120. Paa letu, pamoja na baraza na vibaraza vya pembeni, lina takriban mita za mraba 110, na kila milimita ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 30 usiku mmoja inakupa lita 3,300. Mwaka wa milimita 900, ukiondoa kinachomwagika, unakaribia lita 79,000, ilhali farasi wako wanahitaji chini ya 44,000 za kunywa. Tatizo ni kuhifadhi. Kati ya Juni na Septemba mvua ni haba, na siku 120 za kiangazi zinahitaji lita 14,400. Kwa hiyo weka gata pande zote na matangi mawili ya lita 10,000. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachie imwagike, inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Visima vingi vya Nairobi vina floraidi nyingi, hivyo maji ya mvua ni bora kwa farasi hata ukiwa na kisima. Ukikitegemea kisima, peleka maji yapimwe maabara.

Hatua ya saba: stoo ya chakula

Stoo ya nyasi kavu isiungane na banda. Mita 15 za nafasi ni za lazima machoni pangu. Nyasi zilizofungwa zikiwa na unyevu hupata joto zenyewe ndani ya lundo na zinaweza kuwaka bila kiberiti. Ingiza mkono katikati ya robota kabla ya kulipa: ukikuta joto au ukungu, lirudishe lorini.

Farasi wa kilo 500 hula karibu kilo 10 za nyasi kavu kwa siku. Robota la nyasi ya Boma Rhodes likiwa na kilo 15, marobota mawili yatamfikisha siku tatu. Farasi watatu kwa miezi mitatu ni kilo 2,700, yaani marobota 180. Yapange juu ya mbao, si juu ya sakafu.

Kuna mambo manne ya chakula ambayo ningependa kila mwenye farasi Nairobi ayajue, kwa sababu yanawadhuru wanyama wengi kimya kimya. La kwanza, chakula cha ng'ombe wa maziwa au cha kuku usimpe farasi. Baadhi hutiwa monensin, dawa isiyomdhuru ng'ombe lakini humuua farasi kwa kuharibu moyo wake, na kwa kiasi kidogo sana. Vyakula hivyo visikae hata stoo moja na vya farasi. La pili, nyasi ya kikuyu na ya setaria, ambazo ndizo zulia la viwanja vyetu, zina oksaleti inayofunga kalsiamu. Farasi akila hizo tu, mwili hunyonya kalsiamu ya mifupa, uso huvimba na anaanza kuchechemea. Mpe lusani na madini yenye kalsiamu. La tatu ni pumba za ngano, ambazo masaisi wengi wanazipenda: zina fosforasi nyingi na huzidisha tatizo hilo hilo, basi ziwe kiasi kidogo. La nne, mahindi yenye kuvu. Kuvu wa aina fulani humharibu farasi ubongo. Mahindi usiyoweza kula wewe, yeye pia asile.

Samadi

Farasi mmoja hutoa kilo 20 au zaidi kwa siku. Fagia mara mbili kila siku, lundo liwe mita 30 kutoka bandani juu ya sakafu ngumu, liondolewe kila wiki. Wiki moja ina sababu yake: kwenye joto, yai la nzi huwa nzi mzima baada ya siku saba hadi kumi. Wakulima wa mboga na wa uyoga huitafuta samadi ya farasi. Ukielewana na mmoja mwenye pikapu, kazi hiyo inajilipa.

Ua

Seng'enge yenye miiba ndani ya uwanja wa farasi isiwepo kabisa. Akishtuka hukimbia bila kuangalia. Weka nguzo za mkalitusi zilizotiwa dawa na mbao tatu za mlalo, urefu wa mita 1.3 hadi 1.4. Karen imejaa ua wa kayaba, ambao ni ulinzi mzuri dhidi ya wezi na chui, lakini miiba yake hutoboa kwato na macho, kwa hiyo uzio wa mbao ukae mita moja na nusu ndani yake. Zunguka bustani ukiwa na mtu anayejua mimea: oleanda, lantana, maua ya tarumbeta na majani ya mparachichi ni sumu kwa farasi, na yote hupandwa kwa wingi mitaa hii.

Saisi

Banda linaendeshwa na saisi kuliko mwenye nyumba. Mjengee nyumba ya heshima, karibu kiasi cha kusikia farasi akigonga mlango usiku, mbali kiasi kwamba jiko lake lisiwe hatari kwa nyasi. Mpe mkataba wa maandishi, michango ya NSSF (ya uzeeni) na SHIF (ya afya), na siku ya mapumziko inayoheshimiwa. Mfundishe kupima joto la farasi kila asubuhi na kuliandika daftarini. Kawaida ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.5. Likipanda, na hasa vile vibonyeo juu ya macho vikivimba, ampigie daktari wa mifugo kabla ya kukupigia wewe, na awe na ruhusa yako ya kufanya hivyo. Ruhusa hiyo imeokoa farasi wengi kuliko dawa yoyote niliyoiona kabatini.

Kuishi na wenzako

Usinunue farasi mmoja. Kama uwezo ni wa mmoja, mtafutie punda awe mwenzake, au mwombe jirani farasi wake mzee aliyestaafu mbio.

Raha ya mitaa hii iko kwa watu. Jumapili za mbio, uwanja wa Ngong, ambao umekuwapo tangu 1954, hujaa familia zenye vikapu vya chakula, na kuingia kwa mara ya kwanza kama mtazamaji ndiyo njia rahisi ya kufahamiana na wakufunzi, masaisi na madaktari. Polo iko Jamhuri, kwenye Barabara ya Ngong. Watoto wana klabu yao ya farasi wadogo, na ukijitolea kushika kamba au kupanga vizuizi, hutakosa mwaliko. Muulize kila unayemkuta nani anamtengenezea kwato, maana mafundi hao ni wachache na kila farasi anamhitaji mmoja kila wiki sita hadi nane. Wenye mabanda ya jirani wakikubaliana siku moja, fundi hufanya mzunguko mmoja na gharama ya safari inagawanywa.

Msituni nendeni kwa kikundi, mkiwa na ruhusa ya Huduma ya Misitu, na mtu nyumbani ajue mmeelekea wapi. Barabarani vaeni vizibao vinavyong'aa. Wanaboda wengi hawajui kwamba pikipiki inayopiga honi nyuma ya farasi ni hatari kwa wote wawili. Ongea nao kituoni kwao, wanywesheni soda, na mtaona mwendo unapungua mkipita. Wapita njia wasalimuni. Aliye juu ya farasi ndiye anayeanza.

Lori la nyasi likijazwa na mabanda matatu, bei kwa robota hushuka. Chanjo nayo ipangwe pamoja kila mwaka kabla ya mvua, farasi wote wa njia yenu wiki moja, ikiwemo ya pepopunda na ya kichaa cha mbwa, kwa sababu dawa zinazohitaji baridi husafiri vizuri zaidi zikiwa kwenye sanduku moja na daktari mmoja. Farasi mgeni akiletwa mtaani, mwenye kumleta awatangazie wengine, amtenge wiki tatu na ndoo na brashi zake mwenyewe, na hakuna kunusana pua juu ya uzio hadi zipite.